Kiti cha Kunyonyeshea

Jina la Zamisha alilipata kwa haki. Ukikaa kwenye kochi lake unazama, na ukishazama, kuinuka ni shughuli. Watu wazima na vyeo vyao walikuwa wanakuja kujaribu makochi pale karakana, wanakaa kwa heshima zote, mara magoti yamefika usawa wa kidevu na wanatapatapa kutafuta pa kushika huku wenzao wanawacheka. Zamisha alikuwa anasimama pembeni, mkanda wa kupimia shingoni, anangojea kitu kimoja tu: ile pumzi ndefu anayoishusha mtu aliyechoka akipata pa kukaa. Akiisikia, basi, kiti kimeiva. Hakuwa na kipimo kingine, na hakuwahi kudhani kwamba kipo.

Ufundi aliutoa kwa mjomba wake aliyemlea, mtu mkali ambaye nyumbani kwake watoto walikalia ndoo zilizopinduliwa, na makochi yalikuwa ya wateja, hayaguswi. Kila siku mtoto yule alijaza sponji kwenye viti vya watu, na kila siku alikula chakula chake juu ya ndoo. Mjomba alimfundisha kwamba kiti kigumu ni matusi kwa anayekikalia, na funzo hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu alikuwa ametukanwa hivyo utoto wake wote. Alipokuwa fundi wa kujitegemea aliapa kwamba hakuna mtu wake atakayekalia kitu kigumu. Kiapo ni kiapo, lakini tumbo nalo lina neno lake. Kila kochi alilolitengeneza kwa ajili ya nyumba yake lilipata mteja kabla halijatoka karakana. Alioa, miaka ikapita, na sebuleni kwake kulikuwa na viti vya plastiki tu.

Dada yake mkubwa hakuacha kumchokoza. "Mfinyanzi hulia gaeni," alisema kila alipokuja, huku anakipangusa kiti cha plastiki kwa viganja kama vile kina uchafu. Zamisha alikuwa anacheka naye, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni.

Mkewe hakujali. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayepiga pasi kwenye duka la dobi tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu anayeshinda wima hivyo akirudi nyumbani hachagui pa kukaa. Walichokuwa wanakitafuta wote wawili kilikuwa mtoto, na mtoto alikawia. Walikuwa wameanza kuacha kumzungumzia alipotokea. Dobi mwenye duka alimruhusu mama mtarajiwa apige pasi kwa kukaa, na Zamisha akaanza kupiga mluzi kazini, jambo ambalo halikuwa limewahi kusikika.

Siku moja mke alirudi kliniki na habari.

"Mkunga katufundisha kunyonyesha leo," alisema, akivua viatu. "Kanikalisha kwenye kiti chao cha mbao. Mgongo wake umesimama, mikono yake inafika hapa." Akagusa kiwiko. "Na miguu yangu yote miwili inakanyaga chini. Kanipa mwanasesere nimshike. Fundi, nilijisikia raha mpaka nikaona haya kuinuka. Nataka cha namna ile."

"Cha mbao?"

"Cha mbao. Ukipenda kukiwekea kamto ka mgongoni, haya."

"Mimi nikalishe watu wote hawa kwenye sponji, halafu mke wangu akalie ubao na mtoto mkononi?" Zamisha alitikisa kichwa akicheka. "Watu wataniuliza nimekukosea nini."

"Watu hawatanyonyesha."

"Wewe niachie mimi. Nitakutengenezea kiti ambacho hata mkunga wako atakuja kuomba akikalie."

Nisiwe mkali kwake kabla ya wakati. Aliyasema hayo kwa mapenzi, na aliyafanya kwa mapenzi. Lakini mkewe alikuwa amemwomba kitu, akakieleza mpaka urefu wake kwa kugusa kiwiko, na yeye akamsikia kama anavyosikiwa mteja ambaye hajui anachokitaka.

Fremu aliagiza kwa Randa, seremala waliyeshirikiana naye banda. Randa alikuwa mtu wa kununa tangu asubuhi, bahili wa maneno na wa gundi. Alivitazama vipimo, akasema, "Kina hiki ni kirefu. Mkeo miguu itaning'inia."

"Wewe kata mbao," alijibu Zamisha.

Randa akakata mbao, maana si yeye aliyeoa.

Kiti kilipokwisha kilikuwa kizuri, hilo tusimnyime. Kitambaa cha rangi ya maziwa, mikono minene ya kuegesha kichwa, mgongo uliolala nyuma, na sponji tabaka juu ya tabaka, ile laini kabisa ikiwa juu. Wateja walikiulizia na Zamisha akawajibu kwamba hiki hakiuzwi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo. Alimleta mkewe akijaribu. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Aliketi, akazama, akashusha pumzi, na mafundi wa banda zima wakapiga makofi. Kisha akataka kuinuka, akashindwa. Alijaribu upande huu, akajaribu upande ule, viatu vikipapasa hewani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi. Zamisha alimvuta kwa mikono miwili akamsimamisha. Hapakuwa na sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Jioni, walipobaki wawili, mke hakucheka.

"Kiti kizuri. Lakini nikiwa na mtoto mikononi, nani atanivuta?"

"Nitakuwepo."

"Na viwiko vyangu havifiki popote, mikono ya kiti iko mbali. Nitambeba mtoto kwa mabega tu?"

Kesho yake Zamisha aliongeza mto kila upande. Mke akasema sasa anakunjika kiuno. Zamisha akaongeza sponji mgongoni. Kila alilolalamikia lilijibiwa kwa ulaini, kwa sababu Zamisha ulaini ndio aliokuwa nao, na mwishowe mke akachoka kulalamika, na mume akauhesabu ukimya ule kuwa kuridhika.

Mke alijitafutia njia yake. Pale bandani, nyuma ya marundo ya mbao, kulikuwa na kiti cha mwalimu kilichobaki kwenye oda ya shule. Kilikuwa cha mbao tupu, mgongo umesimama, mikono imenyooka. Alikikalia, akaweka viwiko, akakanyaga chini.

"Hiki cha nani?" alimuuliza Randa.

"Hakina mwenyewe."

"Niazime."

Randa alikibeba mwenyewe mpaka nyumbani, akakiweka chumbani karibu na dirisha, akaondoka bila kunywa hata maji.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, wa kike, mdogo kuliko walivyotarajia, mwenye nywele nyingi na sauti ya kuamrisha. Zamisha alimwita Bosi siku hiyo hiyo, na jina lile likashika wakati wazazi wakiendelea kubishana kuhusu jina la kweli. Walipomrudisha nyumbani, mama alikaa kwenye kiti cha mwalimu, kimto kimefunika mshono, miguu chini, mtoto kifuani. Bosi alishika ziwa, akanyonya mpaka jasho likamtoka usoni. Kliniki walimpima, wakafurahi. Kila wakati alipolia mama alienda dirishani, akaketi, akamnyonyesha, akainuka mwenyewe bila kumwita mtu. Mshono ulikuwa unauma, usingizi ulikuwa wa kuibia, lakini mambo yalikuwa yanakwenda.

Na kile kiti kizuri kilikaa sebuleni ndani ya nailoni yake. Zamisha alikuwa akipita anakitazama. Iliuma, na lililouma zaidi ni kwamba kilichomshinda kilikuwa kiti cha mwalimu. Alijua ni upuuzi. Mtu anaweza kujua kwamba jambo ni upuuzi na bado likamnyima usingizi.

Ndipo dada mkubwa alipotuma habari kwamba anakuja kumwona mtoto, pamoja na wenzake wa kazini. Asubuhi ya siku hiyo Zamisha aliingia chumbani, akakishika kiti cha mwalimu mgongoni.

"Unakipeleka wapi?" mkewe aliuliza.

"Bandani. Leo tu. Wageni wakija kumwona mtoto chumbani wakukute kwenye kitu hiki? Unajua mdomo wa dada."

"Kirudishe wakishaondoka."

"Jioni."

Wageni walikuja. Mama mtoto alikalishwa kwenye kiti cha rangi ya maziwa, gauni jipya, mito kila upande, mtoto akiwa katikati amezingirwa na sponji. Dada alizunguka kiti kile akakipapasa kila mahali. "Wifi, umekaa kama bibi harusi," alisema, na safari hii hakuna aliyekumbuka kutaja mfinyanzi. Zamisha alikuwa mlangoni na sinia la vinywaji, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwepo.

Jioni kiti cha mwalimu hakikurudi. Bandani kilikuwa kimeshapata kazi: Zamisha alikipandia kufikia rafu ya juu, kisha akakirundikia vitambaa. Mkewe alipouliza, alisema atakileta kesho. Kesho yake alisema jioni. Alisema amesahau, na mara moja ilikuwa kweli. Zile siku nyingine hakusahau. Alikuwa anakiona mbele ya macho yake anapoinama na anapoinuka, na alikiacha pale kwa makusudi, akitumaini kwamba mkewe, akikosa kile kigumu, atakizoea kile laini, na akishakizoea atakipenda. Alikuwa amewaona wateja wakizoea makochi. Alidhani kila kiungo cha mwili huzoea.

Mama hakuweza kwenda kukibeba mwenyewe, mshono haukumruhusu. Alijaribu kunyonyesha akiwa ukingoni mwa kitanda, mgongo ukawaka moto. Alijaribu kigoda cha jikoni, kikayumba. Mtoto akawa anashika ziwa vibaya, analiachia, analia, anaanza upya, na mama halali. Mwishowe akawa anakwenda kwenye kile kiti kikubwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo.

Ilikuwa mchana, joto la bati, wakati ambao hata mbwa hawabweki. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba tu, hatua chache. Zamisha alikuja kuchukua maji, akachungulia sebuleni. Mkewe alikuwa amezama kitini, kichwa kimeegemea mkono mnene wa kiti, mdomo wazi kidogo, amelala usingizi mzito. Mtoto alikuwa ubavuni mwake, kati ya mwili na mto, nywele tu ndizo zilizoonekana. Na wakati Zamisha amesimama pale, mkewe alishusha ile pumzi ndefu.

Zamisha alitabasamu. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulimeza wala kulitema. Alisimama mlangoni akatabasamu, akajisemea moyoni, umeona sasa. Kisha akarudi bandani kwa kunyata, maji hakunywa, akamwomba Randa asimamishe kazi kidogo.

"Kuna nini?"

"Bosi na mama yake wamelala. Kwenye kiti."

Randa aliweka randa yake chini, akaketi juu ya gogo, akanuna kama kawaida. Wakakaa kimya wote wawili ili mtoto apate usingizi. Walikaa kwa muda wa kutosha kabisa.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa mama, kwa sauti ambayo sitaieleza. Walikimbia hospitali, Zamisha mbele na mtoto mikononi, dada mkubwa akawakuta huko. Daktari alifanya alichoweza, kisha akaacha kufanya. Alisema mtoto alikosa hewa. Aliuliza kwa upole, kwa sababu ilibidi aulize, mtoto alikuwa wapi na ilikuwaje.

Mama alifungua kinywa, akakifumba. Akamgeukia mumewe.

"Alikuwa ananyonyesha," Zamisha alisema. "Alikuwa amechoka sana. Akasinzia."

Hakuna neno la uongo katika hayo. Ndiyo maana yalikaa vizuri, na ndiyo maana hayakuwahi kung'oka. Dada aliyasikia akaweka mkono kinywani. Mke aliendelea kumtazama mumewe, akingojea amalizie. Zamisha akainamisha kichwa, na kila mtu akadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, Mungu ni shahidi, lakini hayakuwa peke yake.

Maneno hayana miguu lakini husafiri. Yalipotoka hospitali yalikuwa "alisinzia". Yalipofika barabarani yakawa "alimlalia". Siku ya maziko, nyumba ilipojaa watu, yalikuwa yamekamilika: amemlalia mtoto wake mwenyewe, tena mtoto aliyemsubiri miaka yote hiyo, tena kwa upasuaji. Wanawake walimpa pole kwa midomo, na macho yao yalikuwa yanampima. Walikuwepo waliosema zamani wanawake walilea watoto kumi juu ya mkeka na hakuna aliyesinzia. Mwingine alisema kazi ya kusimama mchana kutwa humharibu mtu, angeacha kazi mapema. Na wote walikubaliana kwamba mumewe hakumnyima kitu, hata kiti alimtengenezea, na kiti chenyewe ndicho hicho, kitazameni.

Mama mtoto alikaa chini sakafuni, amejifunika, maziwa yakivuja na kulowesha nguo kwa sababu matiti hayakuwa na habari. Hakujitetea. Zamisha alikuwa nje na wanaume, na kila kitu kilikuwa kinamfikia kupitia dirishani. Mara kadhaa alinyanyuka aende kusema. Kila mara mtu alimshika bega, akamkalisha, akamwambia ajikaze.

Watu walipopungua Randa alimfuata bandani. Kiti cha mwalimu kilikuwa pale pale chini ya vitambaa. Randa aliviondoa kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka pembeni.

"Kiti hiki nilimpa mkeo," alisema. "Sikukupa wewe."

"Najua."

"Wanamsema vibaya huko ndani."

"Nasikia."

"Basi kama unasikia." Randa hakumaliza. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niliacha kupiga randa. Uliniomba nikaacha. Ningeendelea na kelele zangu, pengine angeamka."

Zamisha aligeuka ukutani. Akaamua kwamba atasema. Atasema mbele ya wote, jinsi ilivyokuwa, bila kujibakiza.

Nafasi ilikuja kwenye kikao. Dada mkubwa ndiye aliyekiitisha, na kwa nia njema, kama anavyofanya mambo yake yote. Upande wa mume alikuwepo baba mdogo, mzee mpole aliyesifiwa kwa kusuluhisha. Upande wa mke alikuja kaka yake, mtu wa makamo, fundi bomba, aliyesafiri usiku kucha na viatu bado vina vumbi. Walikaa kwenye viti vya plastiki. Kile cha rangi ya maziwa kilikuwa kimesogezwa ukutani, na hakuna aliyekikalia. Mke alikuwa chumbani mlango ukiwa wazi.

Dada alieleza kwamba wifi anahitaji kupumzika. Aende kwao, akae na watu wake, mpaka moyo utulie. Hakusema mpaka lini. Kaka wa mke aliinamisha kichwa kama mtu anayeletewa mzigo uliovunjikia mikononi mwa ndugu yake. Baba mdogo akamuuliza Zamisha kama ana neno.

Zamisha alisimama.

"Mke wangu hana kosa," alisema. "Kosa ni langu. Aliniomba kiti cha mbao, kifupi, cha kukaa wima. Mkunga ndiye aliyemfundisha. Mimi nikaona aibu, nikamtengenezea hiki. Akaniambia hakimfai, akaniambia tena. Akajitafutia kiti chake, akamnyonyesha mtoto vizuri tu, nyote mliona mtoto alivyokuwa ananenepa. Nikakichukua kiti kile nikakificha bandani. Aliniomba nikirudishe, sikukirudisha. Kwa makusudi. Na siku ile niliwaona wamelala, nikawaacha. Niliwaona kwa macho yangu. Hakumlalia mtu. Mimi ndiye."

Sauti yake ilikuwa imekatika mwishoni, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. Dada alianza kulia kwa sauti.

Baba mdogo alijikohoza. "Mwanangu," alisema, "umesema maneno ya mwanamume. Mume mwema ni nguo ya mkewe, humfunika. Sisi wote tumekusikia."

"Simfuniki, baba. Nasema ilivyokuwa."

"Ndiyo. Tumekusikia."

"Hospitali nilisema nusu. Leo nasema yote."

"Hospitali ulisema ukiwa na uchungu, na uchungu hausemi uongo," alisema mzee kwa huruma kubwa. "Leo umepoa, unamwonea mkeo huruma. Si vibaya. Mungu ameiona nia yako."

"Kaka yangu ana moyo," dada alisema katikati ya kwikwi. "Tangu utoto wake. Hata mjomba akimpiga, alikuwa anasema kosa ni lake."

"Muulizeni Randa," Zamisha alisema. "Kiti kiko bandani, nendeni mkakione."

"Kiti ni kiti, mwanangu. Kaa chini. Umejitahidi."

Akashikwa bega, akakalishwa. Kadiri alivyojitia lawama ndivyo walivyomwona mtu mwema, na kadiri alivyokuwa mwema ndivyo kosa la mkewe lilivyozidi kuwa kubwa, maana ni kosa kubwa tu ndilo linalohitaji mume wa kulifunika namna ile. Kikao kikafungwa kwa sala fupi. Ikakubaliwa kwamba mke ataondoka na kaka yake mchana uleule.

Zamisha alimfuata chumbani. Mke alikuwa anakunja nguo zake, nadhifu, kila mshono juu ya mwenzake, kazi ambayo mikono yake iliijua bila kuuliza kichwa. Za mtoto alikuwa ameshazifunga peke yake.

"Nimewaambia," Zamisha alisema. "Umesikia, nimewaambia yote."

"Nimesikia."

"Hawaamini."

"Daktari aliuliza, nikakutazama wewe," alisema mkewe bila kupandisha sauti. "Siku ile wangekuamini."

Alimpa mgongo, akaendelea kukunja. Zamisha alisubiri kama kuna jingine. Akatoka.

Sebuleni watu walikuwa wanaaga. Walimpita mmoja mmoja wakimpa mkono, wakimwambia pole, wakimwambia wachache wana moyo kama wake. Alijaribu kumkatalia wa kwanza, akashindwa kumaliza sentensi. Wa pili alimwacha aseme. Ni vigumu kumbishia mtu anayekusifu huku analia, na Zamisha alikuwa amechoka, na mkono wa mtu, siku kama ile, ni kitu cha joto.

Wa mwisho alikuwa shemeji yake, fundi bomba. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, macho mekundu ya safari.

"Shemeji," alisema, "nilikuja hapa naona haya hata kuingia mlangoni. Asante. Umetusitiri."

Akanyoosha mkono. Mkewe alikuwa ameshatokea mlangoni mwa chumba, begi begani, anawatazama wote wawili.

Zamisha aliupokea ule mkono.